Kutoka Mto Migori Hata Gati la Homa Bay

Msafiri atokaye Isebania kwenda Kisii huvuka mto katika mji wa Migori, na mara nyingi hana habari kwamba ameuvuka. Macho yake yako kwenye maduka, pikipiki za abiria na mama wauzao ndizi kando ya barabara. Lakini yafaa, ndugu msomaji, ashuke garini asimame darajani kwa muda wa nusu saa, kwa kuwa mto ulio chini yake ndio uliopatia mji huu jina lake.

Mto Migori hushuka kutoka nchi ya juu ya Transmara, hupita hapo mjini, kisha huelekea magharibi kukutana na mto Kuja utokao nchi ya Gusii. Maji hayo yakiisha kuungana huingia ziwani huko Nyatike. Barabara nayo hushika njia ya kaskazini kwenda Awendo na Rongo. Basi hapo Migori ndipo njia mbili zinapoachana, njia ya lami na njia ya maji, na nionavyo mimi, habari za miji yetu ya Nyanza ya Kusini ni habari za kuachana huko. Zamani shehena zilifuata maji. Siku hizi kila kitu hufuata lami, na maji yamesahauliwa mpaka yanapokuja yenyewe mlangoni.

Si mbali na mahali mito hiyo iingiapo ziwani iko Karungu. Mtu apitaye leo akiona mitumbwi na nyavu zilizoanikwa hatadhani kwamba mahali hapa palipiganiwa na madola makubwa. Lakini mwezi wa Septemba 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipokuwa vimeanza tu, Wajerumani waliingia Karungu. Meli ya Waingereza, Winifred, ilikwenda kuwaondoa. Ikakutana na meli ya Kijerumani iitwayo Muansa, ambayo ilikuwa na silaha bora, ikalazimika kurudi. Ilipokuja mara ya pili ilifuatana na mwenzake Kavirondo, ndipo Muansa ikaondoka. Bandari hupiganiwa pale tu penye faida, na wakati ule mwenye kutawala maji ndiye aliyetawala nchi.

Waliotutangulia zaidi walikuwa na maoni mengine. Upande wa kaskazini-magharibi wa mji wa Migori zipo kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila udongo wala saruji, yapata miaka 500 iliyopita. Mahali pengine zinapita kimo cha mita 4. Shirika la UNESCO liliziandika katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Wajenzi wale walichagua kilima. Ziwa walilijua sana, lakini hawakulala karibu nalo.

Kutoka Rongo barabara hupita Rodi Kopany, kisha huteremka Homa Bay. Mji huu umekaa mtelemkoni, kilima chenye ncha cha Got Asego kikiwa nyuma yake, na Ghuba ya Winam ikiwa mbele. Anayetembea kwa miguu kutoka stendi ya magari kushuka ufukoni ataona mara moja kwamba mji ulizaliwa kwa ajili ya maji: ukifuata mtelemko tu, bila kuuliza mtu, utafika kwenye gati.

Sababu yake ni reli. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na tangu hapo meli zilianza kukusanya mazao ya pande zote za ziwa na kuyapeleka kwenye mabehewa. Pamba ya wakulima wa Nyanza ya Kusini ilichambuliwa viwandani Homa Bay na Kendu Bay, ikafungwa marobota. Wahindi walifungua maduka yenye baraza mbele, Waislamu wa Kendu wakawa na msikiti wao wa Tawakal, na mkulima aliyeuza pamba asubuhi aliweza kununua blanketi na jembe jioni. Hata katika miaka ya 1980 mtu aliweza kupanda meli Kisumu, akapitia Kendu Bay, akashuka Homa Bay bila kumeza vumbi.

Kisha barabara ziliboreshwa, na katika miaka ya 1990 yalikuja magugu maji yakaziba ghuba. Miji ikaligeuzia ziwa kisogo. Mahali palipokuwa uso wa mji pakawa ua wa nyuma, na sisi sote twajua vitu vitupwavyo uani.

Lakini ziwa halikuhama. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, likameza mashamba na nyumba za pwani. Mwezi wa Mei 2020 lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita kwa sentimita 1 tu ile alama ya 1964. Watu wa Homa Bay na wa Nyatike walihama na mali zao. Wengi walisema kwamba jambo hili halijapata kuonekana, kumbe lilionekana, ila walioliona walikuwa wazee, na hakuna aliyewauliza wakati wa kugawa viwanja.

Mimi ni karani, na sisi makarani twaamini karatasi. Lakini nikiitazama ramani ya kiwanja naona mipaka, namba na mhuri. Sioni maji yalifika wapi mwaka 1964. Katika mji wa Worcester huko Uingereza, kando ya mto Severn, kwenye ukuta wa Lango la Maji karibu na kanisa kuu, wenyeji wamechonga alama za mafuriko yao pamoja na miaka yake. Mojawapo ni ya mwaka 1770. Gharama ya alama kama hiyo ni fundi mmoja, patasi, na kazi ya siku moja. Ningependa kuiona kwenye ukuta ulio karibu na gati la Homa Bay, na nyingine kwenye daraja la Migori, kabla mkulima aliyeuza ng'ombe wake hajanunua ploti ya ufukoni wakati wa kiangazi.

Watu wa Mbita wanayo habari yao. Mwaka 1983 lilijengwa tuta la kuunganisha nchi kavu na kisiwa cha Rusinga. Magari yakapita, lakini mlango wa maji ukafungwa, na wavuvi wakawa hawana budi kuzunguka kisiwa kizima. Baadaye tuta lilifunguliwa, likajengwa daraja, na sasa gari hupita juu na mashua chini. Hapo Rusinga ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, na wageni wengi huenda kulizuru kaburi lake. Mwenye haja ya kwenda Bondo au Siaya baada ya hapo asirudi kuzunguka kwa Kisumu: apande feri Mbita, ashukie Luanda Kotieno.