Benchi la Ukunda

Ghasia za Likoni zilipozuka Agosti 1997, watalii walitoweka na vyumba vya hoteli vikabaki vitupu. Mjomba alikuwa mmoja wa walioachishwa kazi Diani. Kiinua mgongo chake alikigeuza televisheni mbili na PlayStation mbili kuukuu zilizotiwa chipu, ili zisome sidii za kunakiliwa zilizotoka Mombasa. Akafungua kibanda cha gemu Ukunda, akaniweka mimi msimamizi. Nilikusanya pesa na kuamua ugomvi. Mashine ikipata joto ikakataa kusoma, niliipindua chini juu, nayo ikaendelea.

Duniani, gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye mashine ile ni Gran Turismo, ya mbio za magari: nakala zaidi ya milioni 10. Final Fantasy VII, hekaya ndefu iliyojaza sidii 3, iko karibu nayo. Tekken 3 ya mapigano imo, na Crash Bandicoot, yule mnyama wa kurukaruka, pia yumo. Mpira wa miguu huko juu kabisa huuoni.

Kwetu ungesema hakuna gemu nyingine. Tulitoza kwa mechi, shilingi 5 kila mmoja, na aliyefungwa anampisha mwenziwe. Kwa hiyo wachaguzi walikuwa waliokaa benchini wakisubiri zamu, wala si wenye padi mkononi. Kitu kisichoisha upesi kilizomewa. Winning Eleven, gemu yetu ya mpira, ilikuwa ya Kijapani, maandishi yote ya kwao, lakini hata watoto ambao hawajaanza shule walijua ubonyeze chini mara ngapi ili ufike kwa Brazil.

Tekken iliisha upesi kuliko mpira, ndiyo maana mjomba aliipenda. Vijana wa sarakasi waliocheza usiku hotelini walikuwa wakimgombea Eddy Gordo, Mbrazili wa kapoeira, kisha wanatoka nje kumuiga mchangani. Ukibonyeza ovyo ovyo naye unashinda. Mabingwa walimchukia mno.

Gran Turismo ilikuwa na mteja mmoja tu wa kudumu, dereva wa matatu ya Likoni. Gemu ile ilikutaka upate leseni kwa mitihani kabla ya kuingia mashindano makubwa. Alikuja saa za asubuhi, benchi likiwa tupu, akawa anarudia mtihani mmoja wa kufunga breki kwa utulivu ambao barabarani sikuwahi kumwona nao.

Final Fantasy niliiomba mimi.

"Inachukua muda gani?" akauliza mjomba.

"Saa arubaini hivi, mjomba."

"Na umeme ukikatika?"

"Kuna memori kadi."

"Basi cheza nikishafunga, na bili ya stima utalipa wewe."

Niliifikisha sidii ya pili.

Kilichovunja utaratibu wa kutoza kwa mechi ni PlayStation 2 na San Andreas ya mwaka 2004, ambayo ndiyo iliyouzwa zaidi kwenye mashine hiyo mpya. Haina mechi, haina aliyefungwa. Mtu anazurura mjini, anaiba gari, anabadilisha nguo, anaendelea tu. Benchi likapiga kelele wiki nzima. Mjomba akaleta saa ya ukutani, akaanza kutoza kwa dakika, na televisheni moja ikaachiwa wazururaji hao peke yao.