Tumbaku: Marufuku au Hiari ya Mtu?

Ndugu msomaji, yako mambo ambayo mwandishi huyaandika kwa wepesi kwa kuwa hayamhusu sana, na yako mengine ambayo huyazunguka kwa miaka mingi kwa kuwa yamo ndani ya nyumba yake. Kwangu mimi, tumbaku ni katika hayo ya pili. Naandika haya nikiwa mtoto wa mkulima wa tumbaku, niliyesomeshwa kwa tumbaku hata nikapata stashahada ya uandishi wa habari, na ambaye hadi leo huvuta sigara. Nakuomba uyapime maneno yangu ukilijua hilo tangu mwanzo.

Kilichonichokoza ni mabishano yaliyozuka katika chumba chetu cha habari siku chache zilizopita, wakati wa chai. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, alisema kwamba tunafanya mzaha: sumu hii ingekuwa imeonekana ndani ya unga wa sembe, maghala yote yangefungwa siku hiyo hiyo. Mwingine akamjibu kwamba mtu mzima hachungwi kama mbuzi. Akiamua kujidhuru polepole kwa fedha yake mwenyewe, hiyo ni hiari yake. Wengine wakagawanyika pande mbili. Mimi nilinyamaza. Pakiti ilikuwa katika mfuko wa shati langu, na kila mtu aliiona.

Nimezaliwa Urambo, mkoani Tabora. Wanaoijua historia ya nchi yetu watakumbuka kuwa mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, mpango ulioanguka kwa aibu na kuachwa mwaka 1951. Katika ardhi ile ile ya Urambo ikapandwa tumbaku. Kilichoshindwa na karanga kikawezwa na tumbaku, na vizazi kadhaa vya watu wa kwetu havijui zao jingine la kuleta fedha nyumbani.

Sijui kama msomaji wa mjini amepata kuliona bani. Ni jengo refu la matofali ya udongo, lisilo na madirisha, lenye tanuri ambalo mdomo wake uko nje. Ndani hupita mabomba yanayochukua joto la kuni, ili jani likauke pasipo kuguswa na moshi. Majani hufungwa katika fito, nazo fito hupangwa tabaka juu ya tabaka hadi karibu na paa. Moto huwashwa mchana na usiku kwa muda wa wiki nzima hivi. Kwanza huwa wa upole, hata jani ligeuke manjano kama ndizi mbivu. Kisha huongezwa ili jani likauke. Mwisho huwa mkali kabisa, kwa sababu kikonyo cha katikati hakikubali kukauka upesi. Moto ukizimika usiku, jani huharibika rangi na daraja hushuka. Ukizidi, bani zima huteketea pamoja na jasho la mwaka. Kwa hiyo lazima mtu alale hapo. Kwetu sisi, aliyelala hapo alikuwa Baba, pamoja nami.

Baba hakutumia kibiriti. Kibiriti ni fedha, na moto ulikuwa pale pale mdomoni mwa tanuri. Alinipa sigara, nami nikaisogeza kwenye kaa. Na ili isizimike kabla ya kumfikia pale alipojinyoosha juu ya jamvi, ilinipasa kuivuta mara moja au mara mbili njiani. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mara ya kwanza nilikohoa hata machozi yakanitoka, Baba akacheka, nami nikacheka. Hakuna rafiki mbaya aliyenishawishi wala tangazo lililonidanganya. Nilikuwa mtoto mtiifu anayetumwa na mzazi wake, na kusema kweli nilizipenda sana zile safari fupi kutoka kwenye tanuri hadi kwenye jamvi.

Msimu ulipokwisha, marobota yalipelekwa katika chama cha msingi, mteuzi akayapanga madaraja, makato ya mbolea na pembejeo nyingine yakakatwa, na kilichosalia kikagawanywa kwa mahitaji ya nyumba. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Nauli iliyonileta Dar es Salaam ilitoka humo. Hata kalamu niliyoandikia mtihani wa kuingia chuoni ilinunuliwa kwa fedha ya jani hilo.

Baba alifariki mwaka 2016. Daktari alitueleza bila kumung'unya maneno kwamba mapafu yalikuwa yameharibiwa na moshi, na kwamba yeye hakuwa na njia ya kutenganisha moshi wa kuni za tanurini na moshi wa sigara. Miezi ya mwisho Baba alilala akiwa ameketi, mito mitatu mgongoni, kwa maana akijilaza pumzi ilimkatika. Naye aliomba sigara. Aliomba kwa macho, kwa kuwa maneno yalimgharimu pumzi. Mama alipotoka kwenda kisimani, nilimwashia na kumpa. Ndugu msomaji, jambo hilo sijapata kulisema mbele ya ndugu zangu, watalisoma hapa.

Basi mtu angetarajia kuwa ningekuwa wa kwanza kupiga kelele tumbaku ipigwe marufuku. Nimejaribu kuwaza hivyo, nikashindwa. Sultani Murad wa Nne wa Waturuki alikataza tumbaku mwaka 1633 na kuwaua waliokaidi, lakini tumbaku ikaishi kuliko yeye. Yamkini utasema hizo ni hadithi za kale. Haya, tutazame ya juzi. Nchi ndogo ya Bhutan, milimani kaskazini ya India, ilikataza uuzaji wa tumbaku mwaka 2004, na mwaka 2010 ikaongeza sheria kali yenye kifungo. Watu hawakuacha, tumbaku ilivuka mpaka kwa magendo. Sheria ikalegezwa mwaka 2012, na maradhi ya UVIKO yalipoifunga mipaka mwaka 2020, serikali yenyewe ilifungua mlango wa kuuza, kwa kuhofia kwamba wafanya magendo wangeingiza ugonjwa pamoja na sigara. Mwaka 2021 sheria ikarekebishwa. Afrika Kusini nayo ilizuia uuzaji wa sigara tangu mwishoni mwa Machi hadi katikati ya Agosti 2020. Sigara ziliendelea kupatikana miezi yote hiyo, kwa bei ya kuruka, na hazina ikapoteza kodi nyingi.

Tena kuna mdogo wangu, ambaye ndiye aliyerithi bani. Nilimpigia simu jioni ile ya mabishano nikamwuliza: ikitangazwa kesho kwamba tumbaku ni marufuku, utalima nini? Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa heshima, ila kwa uchungu: “Kaka, karanga naweza kulima, alizeti naweza, na mizinga ya asali ninayo. Ila hakuna mtu wa karanga anayenikopesha mbolea kabla ya mvua na kunifuata hadi mlangoni kununua. Mtu wa tumbaku anakuja.” Nimezisoma hotuba nyingi kuhusu kilimo mbadala, sikuona mahali tatizo lilipoelezwa wazi kuliko hapo. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unayo katika kifungu chake cha 17 ahadi ya kuwasaidia wakulima kupata njia nyingine ya maisha. Mdogo wangu hajaiona ahadi hiyo ikipita Urambo. Anachokiona ni miombo inayozidi kuwa mbali kila mwaka, kwa sababu bani hula kuni bila huruma.

Sasa tuwageukie wale wa hiari. Hoja yao ni tamu masikioni, hasa masikioni mwa mvutaji. Hata hivyo ina kasoro ambayo mimi nimeibeba mwilini. Hiari humtaka mtu awe amechagua, na wavutaji walio wengi duniani walianza wakiwa bado vijana. Nikotini hufika ubongoni katika muda wa sekunde chache tangu moshi uvutwe, na ubongo wa kijana huizoea upesi. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Hawakujua kuwa siku moja yatatengenezwa kiwandani na kufungwa ishirini-ishirini. Nimejaribu kuacha mara nne. Mara ya tatu nilifikisha siku 41, nikamgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi, nikatoka nje usiku kutafuta duka lililo wazi. Mtu aliye huru hatembei vile.

Kuna uchunguzi mashuhuri ulioanzishwa Uingereza mwaka 1951 na Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliowafuatia madaktari wa nchi hiyo, wavutaji na wasiovuta, kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kuwa mvutaji asiyeacha hupoteza kama miaka 10 ya maisha, na kwamba aliyeacha akiwa na miaka 40 hurudishiwa karibu miaka 9 kati ya hiyo. Mimi nina miaka 37. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyopata kuandikiwa.

Tena moshi haukai kwa aliyeulipia. Shirika la Afya Duniani husema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wapatao milioni 1.6 ambao hawakuvuta wenyewe. Walivuta hewa iliyoachwa na wengine. Mama yangu hajagusa sigara maisha yake yote, lakini kikohozi chake cha alfajiri nakitambua: ni kile kile cha Baba. Sheria yetu ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku mtoto aliye chini ya miaka 18 na inauwekea mipaka uvutaji mahali pa hadhara. Sheria hiyo ni njema, ijapokuwa wenye maduka wengi huichukulia kama ushauri. Lakini hukomea kizingitini. Ndani ya nyumba hakuna askari, na aghalabu anayevuta ndiye baba mwenye nyumba.

Kwa hiyo, nikibanwa nitoe rai, nitasema hivi: mvutaji wa leo asifanywe mhalifu, ila pasipatikane mvutaji mpya. New Zealand ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2022, kwamba aliyezaliwa tangu Januari 1, 2009 asiuziwe sigara kamwe, hata azeeke; serikali iliyofuata ikaifuta mwaka 2024 kabla haijaanza kufanya kazi. Maldivi wakaanza ya kwao Novemba 2025, kwa waliozaliwa tangu mwaka 2007. Kama itafaulu au la, wakati utaonyesha. Kwetu ningeridhika kwanza tukikomesha uuzaji wa sigara moja moja, maana hiyo ndiyo sigara inayofika mkononi mwa mtoto. Kenya waliukataza kwa sheria yao ya mwaka 2007, na bado ukipita vibandani utauziwa moja na kuwashiwa. Sheria pekee haitoshi, nami nakiri kuwa sijui kitakachotosha.

Nalisema hilo la sigara moja moja kwa sababu maalumu. Nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimtuma duka la jirani, mchana au jioni, akaniletee sigara mbili. Sikuliona kuwa neno. Baba alinituma, nami natuma. Majuzi walikuja watoto wenzake kumwita wakacheze mpira, na kutoka barazani nikasikia wakipaza sauti: “Sigara Mbili! Sigara Mbili, twende!” Nilimwuliza kwa nini wanamwita hivyo. Akanieleza kwa fahari kabisa kwamba ni jina alilopewa dukani. “Siku hizi hata sisemi, Baba. Akiniona tu anazichomoa.”

Usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona yule mtoto wa miaka minane akitembea kutoka tanurini kwenda jamvini, akivuta mara moja, mara mbili, ili moto usizimike, na nikawa nahesabu miaka kwa vidole gizani. Asubuhi nilimwambia mke wangu kwamba kuanzia siku hiyo mtoto hatatumwa tena, na kwamba ndani ya nyumba hautawashwa moto wa sigara. Mke wangu hakusema kitu. Alikwenda kulitoa lile kopo la majivu chini ya kiti changu, akaliosha, akapandia mche wa pilipili.

Jioni nilikwenda dukani mwenyewe. Mwenye duka alinyoosha shingo akatazama nyuma yangu, kisha akauliza, “Leo Sigara Mbili yuko wapi?” Nikamwambia yuko nyumbani anasoma, nikatoa sarafu zangu.