BINGWA WA GEMU ZA MBIO AKUTANA NA CANTER YA MJOMBA, KLACHI YAMUUMBUA!

Kuna jamaa mmoja wa Sinza, jina kapuni, ana miaka 23. Pale kwenye kibanda cha gemu mtaani kwao hana mpinzani. Kibanda kina kompyuta moja, usukani wa Logitech, pedali tatu na leva ya gia yenye njia sita na rivasi. Akikaa pale na Assetto Corsa, watu wanaacha chipsi zao zinapoa wanamwangalia anavyopangua gia kwenye kona.

Sasa mjomba wake ana Canter ya kubebea mizigo na dereva wake ameacha kazi. Jamaa lena anayo, kazi hana. Akaenda Bonyokwa asubuhi na mapema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Manyuali unaiweza?"

"Hiyo mbona ndogo, anko."

Mzee akamwambia, ukionyesha unaelekea, nakulipia shule ya udereva na gari unashika wewe. Maneno mazito hayo kwa mtu anayeomba vocha kwa dada yake.

Basi bwana, balaa la kwanza: mkono wa kulia ukaenda kutafuta gia kwenye mlango! Kule kibandani leva imefungwa kulia, kama magari ya Ulaya. Canter yetu usukani uko kulia, gia iko kushoto. Mjomba akakohoa tu.

Balaa la pili lilikuwa kilima. Jamaa akakanyaga klachi, akaweka namba moja, akaachia mguu kama alivyozoea. Gari ikaruka kama chura, ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Mara ya tatu ikaanza kurudi nyuma, na nyuma kuna bodaboda ana abiria na mtoto. Mjomba akavuta handibreki. Kimya. Yule wa boda akatukana, akapita zake.

Hapo ndipo watu wanasema gemu ni uongo mtupu. Si kweli, ila ukweli wake una mipaka.

Klachi ya kweli ni sahani inayobanwa na injini. Ukiachia taratibu kuna sehemu inaanza kushika: injini inabadilika mlio, gari inatetemeka, unaisikia kwenye unyayo. Pedali ya gemu ni springi na sensa. Kompyuta inajua umekanyaga kiasi gani, lakini mguu wako hauambiwi kitu. Kwenye seti za bei ya kawaida mota ipo kwenye usukani tu, kwenye klachi na leva hamna.

Leva nayo ni hivyo hivyo. Kwenye gari, ukilazimisha gia bila klachi meno yanasaga na leva inakurudishia mkono. Ile ya plastiki inaingia tu kama swichi. Simuleta nzuri itakupigia mlio wa kusaga na kukuacha fri, ila mkono wako tayari umeshaamini gia imeingia. Halafu gemu nyingi zina msaada wa klachi ya yenyewe, gari haizimi hata ukilala juu ya pedali. Kibandani msaada huo ulikuwa umewashwa muda wote, na bingwa wetu hakuwahi kujua.

Lakini njoo kwenye gia za sikwensho, zile za kupanda na kushuka moja moja kwa mfuatano. Usishangae, pikipiki ya boda nayo ni hivyo: huwezi kuruka kutoka moja hadi nne bila kupitia mbili na tatu. Kwenye magari ya mbio ya siku hizi dereva anavuta kibao nyuma ya usukani. Kompyuta inakata nguvu ya injini kwa kufumba na kufumbua, gia inaingia, na klachi anaihitaji zaidi wakati wa kuondoka tu. Ferrari walileta vibao hivyo Formula 1 mwaka 1989, wakashinda mbio za kwanza kabisa, kule Brazil.

Umeona sasa? Kile kibao cha kwenye gari ni swichi ya umeme, na cha kwenye gemu ni swichi pia. Ndiyo maana hapo simuleta inakaribia sana ukweli, kinachokosekana ni ule msukumo mgongoni. Lakini manyuali inaongea na mwili wako, na gemu haina mdomo huo.

Turudi Bonyokwa. Mjomba hakumfukuza. Akamsogeza kwenye uwanja tambarare, akamwambia, "Usiguse mafuta. Achia klachi mpaka gari iondoke yenyewe." Dizeli ina nguvu hata ikiwa sailensa, inawezekana. Jamaa akaizima mara saba. Ya nane ikaondoka polepole kama kobe, naye akacheka peke yake.

Ilipoanza kutembea mambo yakabadilika. Mbili, tatu, nne, akawa anapanga kwa kusikiliza mlio wa injini tu. Alipopangua akagusa mafuta kidogo ili injini ilingane na gia, kitu madereva wengi wa mjini waliozoea IST hawakijui. Mjomba akageuza shingo. "Hiyo nani kakufundisha?" Dogo akaona aibu kusema ni kibandani.

Kazi bado hajapewa. Kapewa wiki mbili za kufanya mazoezi kila alfajiri kabla barabara haijajaa, na kilima kile kile kinamsubiri. Jioni akienda kibandani anazima kwanza msaada wa klachi. Siku hizi anafungwa na watoto wa darasa la saba, na wala hajali.

Je mdau, wewe ulijifunza manyuali wapi, na gari ilikuzimia mara ngapi? Tiririka hapo chini.