Toba na Mavuno katika Mpaka wa Busia na Tororo

Fundisho la Kikristo kuhusu kupanda na kuvuna, analolieleza Paulo katika sura ya 6 ya Waraka kwa Wagalatia, limebadilika sana masikioni mwa watu wa Busia na Tororo, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Wazee walilipokea kama agizo la kulipa madeni. Siku hizi, katika makanisa mengi ya mjini, husikika zaidi wakati wa kutoa sadaka.

Uelewa wa wazee ulitokana na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Namirembe, Kampala, kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1930. Mwaka 1938 ulifanyika mkutano mkubwa Maseno, na Uamsho ukashika magharibi mwa Kenya. Wafuasi wake, walioitwa Balokole upande wa Uganda, hawakuridhika na toba ya mdomo. Aliyeokoka alisimama mbele ya wenzake, akataja alichoiba na aliyemwibia, kisha akakibeba mwenyewe kukirudisha: jembe, kuku, shilingi chache za mwajiri. Mfano wao alikuwa Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, na watu wa mpakani hawahitaji kuelezwa mtoza ushuru ni nani. Aibu ilikuwa kubwa, hasa kwa mzee wa heshima aliyelazimika kwenda kukiri kwa kijana au kwa mwenye duka. Majirani wengine waliwaona kuwa wasumbufu, wala hawakukosea kabisa, maana ushuhuda wa mmoja uliweza kumwanika mshirika wake ambaye bado hajaamua kutubu. Kwa Wakatoliki, ambao jimbo lao la Tororo liliundwa mwaka 1951, jambo hilo lilibaki siri ya kitubio, ingawa kitubio nacho hudai mali ya mtu irudishwe.

Matunda ya mazoea hayo ya kusema wazi yalionekana mwaka 1977. Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari wa Rais Idi Amin waliipekua nyumba yake wakitafuta silaha, na nyumba ya Yona Okoth, Askofu wa Bukedi mwenye makao Tororo, nayo ikapekuliwa. Maaskofu walijibu kwa barua kwa Rais wakilalamikia mauaji na upekuzi. Ujasiri wa namna hiyo haupatikani kwa wiki moja. Mtu aliyewahi kusimama kijijini na kutaja wizi wake mwenyewe alikuwa amekwisha kujifunza kutoogopa macho ya watu.

Tarehe 16 Februari Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari. Kwa Tororo msiba huo ulikuwa wa nyumbani: Oboth-Ofumbi alikuwa mwana wa Padhola, aliyeandika historia ya watu wake, na alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa serikali hiyohiyo iliyomuua. Ni rahisi kulitumia jina lake kama onyo kwa anayemtumikia dhalimu. Lakini hesabu hiyo haikamiliki, kwa kuwa Luwum hakuwa waziri, na bado walikufa siku moja. Okoth alikimbilia Kenya. Baada ya Amin kupinduliwa mwaka 1979 alirudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu hadi mwaka 1995. Tangu mwaka 2015, tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda.

Miaka hiyohiyo ilipanda jambo jingine mpakani. Waasia walifukuzwa mwaka 1972, na sukari, chumvi na sabuni zikaadimika Uganda. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipaa, na magunia ya Uganda yakavushwa usiku kwenda Kenya. Magendo yakawa riziki. Mkristo aliyevusha gunia hakujua amrudishie nani: serikali iliyomuua Askofu Mkuu, au mkulima aliyemuuzia kwa hiari? Hapo mafundisho ya jembe na kuku yalikwama, maana deni lilikuwa halina mwenyewe anayeonekana.

Tangu miaka ya 1980 na 1990, makanisa ya kiroho yaliyoenea pande zote mbili yalileta jibu jepesi zaidi. Muumini hutoa sadaka ya mbegu, huitamkia hitaji lake, kisha hungoja mavuno. Mtu aliyedhulumiwa hana nafasi katika mpango huo. Umaskini unaowasukuma watu kutoa hivyo ni wa kweli na haufai kudharauliwa, lakini Paulo alikuwa akizungumzia mwenendo mzima wa mtu.

Siku hizi ipo njia halali ya kuvusha bidhaa: kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila ushuru wa forodha. Hata hivyo njia za panya hazijafungwa. Mayai, mahindi na nguo bado hupita huko kwa baiskeli na bodaboda. Mahubiri juu ya Zakayo katika mji huu yangelazimika kuzitaja njia hizo, na wachungaji wengi huzikwepa, kwa sababu baadhi ya wanaozijua vizuri huketi benchi la mbele.