Sauti ya Tatu ya Rasti

Mpwa wangu,

Mama yako alimwonyesha mjomba wako video yako ya TikTok, unapiga fidla barazani. Mkono wa upinde umeanza kulainika, alhamdulillah. Lakini mzee huyu aliirudia mara nne pale unapoingia maqamu ya Rasti. Sauti ya tatu ilikuwa juu. Kidogo tu, kama chumvi iliyozidi.

Sikio lako halina kosa. Kwenye kona ya video inaonekana simu ya pili, programu ya kutuni imewaka kijani. Programu hiyo imeigawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, kama piano. Sauti ya tatu ya Rasti haimo humo. Inakaa katikati ya vipande viwili. Mwanafunzi akiipiga mahali pake, taa inageuka nyekundu, naye anasogeza kidole mpaka irudi kijani. Hapo Rasti imeshakuwa meja ya Kizungu, na watazamaji wanabonyeza moyo.

Si kwamba wazee wana haki ya kuilaumu simu; nao walijifunza kutoka mbali. Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed Ibrahim mpaka Cairo akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1928 Siti binti Saad alirekodi Bombay, na santuri zikaipeleka sauti yake kwa watu wasiowahi kumwona. Baadaye vijana waliziokota nyimbo za Umm Kulthum kwenye santuri na redio, wakirudisha sindano palepale mpaka sahani ikwaruzike. Ule wizi wao ulikuwa halali kabisa! Ila santuri haikumsifu mtu. Jioni walikwenda na walichokiokota kwenye klabu ya taarab, wakakaa mbele ya mpiga kanuni, na huyo alikunja uso kabla hata wimbo haujafika nusu.

TikTok ilianza na video za sekunde 15. Sasa inaruhusu ndefu zaidi, lakini wapigaji wengi bado hukata kipande chenye madoido tu. Bashraf, kipande cha ala tupu, haikatiki hivyo. Ina khana zake, yaani sehemu zake, na kila khana ikimalizika, taslimu, kiitikio chake, inarudi. Anayejua madoido ya khana ya tatu peke yake hajui muziki unarudi wapi.

Kwa hiyo jirekodi, lakini usipandishe mtandaoni. Lala kwanza, usikilize asubuhi kabla ya chai, sikio likiwa halijachoka. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi kilifunguliwa mwaka 2002 ili vijana wakae na walimu ana kwa ana; ukiwa darasani, simu ibaki mkobani.

Ijumaa baada ya alasiri njoo na fidla. Udi wa mjomba wako umekatika nyuzi mbili, ila hauna vikato shingoni, na zilizobaki zinatosha kuitafuta hiyo sauti ya tatu.

Mjomba wako