Kikoa: Namba Zinazokaribishwa

Wapenzi wa lugha, leo naomba ruhusa ya kuingiza aljebra katika baraza letu la ushairi. Neno lenyewe si geni kama linavyodhaniwa. Limetokana na al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu alichokiandika al-Khwarizmi mjini Baghdad katika karne ya 9, na maana yake ni kurejesha au kuunga kilichovunjika. Shina hilo hilo la Kiarabu ndilo lililotupa jabari, na sifuri nayo ilitufikia kwa njia ya Kiarabu. Hivyo basi, anayesema kwamba somo hili halina nasaba na Kiswahili hajapekua kamusi yake.

Jambo ninalotaka kulizungumzia ni dogo, nalo hufundishwa kwa wanaoanza: namna ya kutafuta kikoa cha fanksheni. Fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa jibu moja tu kwa kila namba iliyopokelewa. Kikoa ni jamii ya namba zote ambazo kanuni hiyo inaweza kuzipokea. Nimelichagua neno kikoa kwa makusudi. Siku hizi tunalisikia zaidi katika anwani za intaneti, lakini wazee wetu walikula kikoa kabla ya hapo: watu walishirikiana chakula, kila mmoja akiandaa kwa zamu yake. Ndiyo maana tukaambiwa kwamba mla cha mwenziwe na chake huliwa. Katika kikoa hujulikana nani yumo na nani hayumo, na aliyemo ana wajibu wake. Sijapata neno linaloieleza dhana hii vizuri zaidi.

Nililihitaji neno hilo kwa ajili ya mpwa wangu aliyekuwa kidato cha tatu. Kama watoto wengi wa Tanzania, alisoma hesabu kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akavuka kwenda sekondari, ambako hesabu husomwa kwa Kiingereza. Aliweza kuikariri fasili ya kikoa kwa Kiingereza bila kukosea hata neno. Nilipomwomba anieleze swali linauliza nini hasa, alinyamaza, kisha akasema, “Mjomba, mimi hesabu si zangu.” Kauli hiyo ilinichoma. Mtoto huyu alikuwa na maneno yote aliyoyahitaji: kiasi, asili, kipeuo, hasi, chanya. Alikuwa ameyaacha ng’ambo ya pili ya mto, akidhani kwamba upande huu hayana kazi.

Tukaanza na fanksheni f(x) = 5/(x − 3). Nikamwambia, “Usikokotoe chochote. Uliza kwanza: ni namba gani ambayo kanuni hii haiwezi kuipokea?” Sehemu ina kiasi juu na asili chini, na asili haiwezi kuwa sifuri. Akaniuliza kwa nini, nami nikafurahi, kwa sababu shuleni alikuwa ameambiwa tu kwamba haiwezekani. Tunasema 12 gawanya kwa 4 ni 3 kwa kuwa 3 mara 4 ni 12. Sasa 12 gawanya kwa sifuri ni ngapi? Tunatafuta namba ambayo ikizidishwa kwa sifuri itatoa 12, nayo haipo. Je, sifuri gawanya kwa sifuri? Hapo kila namba inafaa, maana kila namba mara sifuri ni sifuri. Katika hali ya kwanza jibu limekosekana. Katika ya pili majibu yamezidi, na fanksheni hutakiwa kutoa moja tu. Mwanahisabati wa Kihindi Brahmagupta, katika kitabu chake cha mwaka 628, alisema kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri. Waliokuja baadaye hawakukubaliana naye, lakini inatosha kutuonyesha kwamba swali hili liliwasumbua hata wakubwa.

Basi tukaandika x − 3 = 0, tukapata x = 3. Kikoa ni namba halisi zote isipokuwa 3.

Kisha tukaja kwenye kipeuo cha pili cha x − 5. Hapa mlinzi ni mwingine. Namba halisi ikizidishwa kwa yenyewe haitoi hasi: 4 mara 4 ni 16, na hasi 4 mara hasi 4 pia ni 16. Kwa hiyo kilichomo ndani ya kipeuo kiwe sifuri au zaidi, yaani x iwe 5 au zaidi. Tano yenyewe imo, kwa kuwa kipeuo cha pili cha sifuri ni sifuri. Lakini ukikiweka kipeuo hicho hicho mahali pa asili, chini ya kiasi 1, tano inatoka, maana sasa walinzi wawili wako mlangoni pamoja: wa kwanza anazuia hasi, wa pili anazuia sifuri. Tofauti ya vikoa hivyo viwili ni namba moja tu, na namba hiyo moja ndiyo humkosesha mwanafunzi alama.

Mfano ulioniburudisha zaidi ni huu: x² − 9, yote igawanywe kwa x − 3. Kiasi kinaweza kuandikwa (x − 3)(x + 3). Ukifuta kinachofanana juu na chini, kinabaki x + 3, kisicho na asili wala kipeuo, na mwenye haraka atasema kwamba kila namba inakaribishwa. Sivyo. Kanuni ya awali ilikuwa na x − 3 chini, na ukiipa 3 unapata sifuri juu na sifuri chini. Kurahisisha kumeliondoa umbo, hakukuondoa katazo. Ndiyo maana kikoa hutafutwa kabla ya kufuta. Mhariri wa mashairi atalielewa hili upesi: usafi wa nakala ya mwisho haukuambii daima rasimu ilipita wapi.

Kwa kuwa mpwa wangu anapenda mashairi, nilimtungia ubeti wa kumkumbusha:

Asili kuwa sifuri, hilo mwiko hesabuni,
Kipeuo chakariri, hasi haingii ndani,
Zilobaki zina heri, na zikae kikoani,
Usianze kukadiri, hujauliza ni nani.

Aliuhesabu mizani kwanza, kisha ndipo akaukubali. Kutokana na kuhesabu huko tukapata fanksheni yetu wenyewe. Shairi la mishororo minne kwa ubeti, na mizani 16 kwa mshororo, lina mizani 64 katika kila ubeti. Tukiziita beti b, jumla ya mizani ni 64b. Aljebra tupu haioni kizuizi hapa: hakuna asili ya kuwa sifuri, hakuna kipeuo. Hata hivyo b haiwezi kuwa hasi 2, kwa sababu hakuna shairi lenye upungufu wa beti mbili chini ya kutokuwapo. Kikoa ni 1, 2, 3 na kuendelea. Sasa chukua nakala ya shairi la aina hiyo yenye mizani 208. Gawanya kwa 64 upate 3.25, namba isiyomo katika kikoa. Maana yake ni beti tatu na mshororo mmoja. Nakala ina kasoro: pengine mishororo mitatu imepotea, au mmoja umeongezwa. Kikoa kimetuambia kwamba kuna jambo la kuchunguza.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Kaluta Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina na mizani. Mabishano yaliyofuata tunayajua, na bado yanaendelea katika baraza zetu. Nimelelewa katika arudhi na sitaiacha. Lakini tazama 3 katika mfano wetu wa kwanza. Haina kasoro yoyote kama namba. Kanuni moja haiwezi kuipokea. Nyingine, kama 2x + 1, inaipokea bila shida. Kikoa ni sifa ya kanuni, si hukumu juu ya namba. Fanksheni ya 64b haina la kusema kuhusu Kichomi, na hilo halituambii kama Kichomi ni ushairi au si ushairi. Linatuambia mipaka ya kipimo tulichokishika.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayesema hesabu si zake. Nilichokiona ni mtoto aliyekabidhiwa kanuni katika lugha ambayo bado haijampokea, kisha akajihesabu yeye mwenyewe kuwa kasoro. Siku ile tulibadilisha lugha, hatukubadilisha hesabu, naye akatafuta vikoa sita kabla ya magharibi.

Limebaki jambo moja ambalo nawaachia, ndugu zangu wenye kamusi. Jamii ya majibu yanayotoka katika fanksheni nayo inahitaji jina. Mimi nimekuwa nikisema “matokeo,” lakini neno hilo ni pana mno. Ikiwa namba zinazoingia zinakula kikoa, zile zinazotoka tuziiteje? Mwenye neno alilete, na aliambatanishe na mfano.