Baada ya Mahafali, Kabla ya Kibali

Mwaka 2000 nilikuwa namaliza shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Kiislamu, Mbale. Wakenya tulikuwa wengi pale, na baada ya Isha Kiswahili kilitawala bwenini kana kwamba tuko Mombasa. Pasi ya mwanafunzi ilikuwa imegongwa ndani ya paspoti, chuo ndicho kilichotudhamini, na hakuna aliyetuuliza tunafanya nini Uganda. Tena marais watatu walikuwa wametia saini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, Novemba 30, 1999. Sisi vijana tuliuchukulia mpaka wa Malaba kuwa jambo la wazee wetu.

Kumbe pasi ile ilikufa siku masomo yalipokwisha. Iliruhusu kusoma, haikuruhusu kufundisha kwa mshahara, na kati ya mtihani wa mwisho na kibali cha kazi palikuwa na pengo ambalo sikuwahi kuonywa juu yake. Ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu vijana wengi bado wanatumbukia humo.

Kazi haikuwa ngumu kuipata. Shule za sekondari za binafsi zilikuwa zinaongezeka Jinja, na baadhi yake zilitaka kuanzisha Kiswahili. Walimu wake walikuwa adimu: kwa Waganda wengi kile kilikuwa Kiswahili cha kambini, lugha waliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani enzi za Amin. Shule moja iliniita nianze Jumatatu inayofuata, mshahara mkononi kila mwisho wa mwezi, bila barua wala sahihi. “Wewe ni jirani yetu, Mwalimu,” mkuu wake aliniambia. “Nani atakuuliza?”

Nilikuwa nimepanga chumba Walukuba, mtaa uliojengwa zama za wakoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Mwenye nyumba alikuwa mama Mjaluo mtu mzima, aliyerudi Jinja kukaa na bintiye aliyeolewa na Msoga. Jioni ile nilipomweleza habari ya kazi, alinyamaza akichambua mchele, kisha akaanza kunisimulia Oktoba 1970. Serikali ya Obote iliamuru wafanyakazi wa Kenya waondoke, na maelfu walirudi kwao, wengi wao Wajaluo. Mumewe alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi na watoto wao walizaliwa Jinja. Waliondoka na magodoro na vyungu.

“Mwanangu,” akasema, “ujirani sisi tulikuwa nao. Nenda katafute karatasi.”

Sikuwa na jibu la kumpa mama yule. Asubuhi nilikwenda shule nyingine, ambayo mkuu wake alikubali kunisubiri, na zaidi ya hapo akakubali kuandika. Uzito wa jambo hili ni kwamba kibali huombewa na mwajiri: barua ya kazi, maelezo kwa nini hakupatikana Mganda wa nafasi hiyo, nakala za vyeti, barua ya polisi ya nchi yako. Cheti chenyewe cha shahada hakikuwa kimetoka, kwa hiyo nilirudi Mbale kuomba barua ya matokeo, halafu Kampala, makao makuu ya Uhamiaji. Wakati faili likisubiri nilipewa pasi maalumu ya muda, na nikaingia darasani nikijua kwamba askari akiniuliza, ninacho cha kumwonyesha.

Kibali kilipotoka kilikuwa cha daraja G, la waajiriwa, na kilitaja shule ile peke yake. Kuhama shule kungekuwa kuanza upya. Hata hivyo mwezi ule nilipata hati ya mshahara yenye jina langu, kodi iliyokatwa, na NSSF: asilimia 5 yangu, asilimia 10 ya shule. Niliisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa. Fedha zile za uzeeni zilimaanisha kwamba Uganda imenihesabu.

Mwaka 2005 katiba iliifanya lugha yangu kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi. Julai 1, 2010 Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika, na kanuni zake zikaipa mamlaka siku 30 za kumpa kibali mfanyakazi mwenye mkataba. Nilifurahi kwa dhati. Lakini tazama siku hizo zinaanzia wapi: zinamtaka mtu ambaye tayari ana mwajiri. Mhitimu aliyevua joho jana na bado anabisha hodi shuleni hazimfikii. Nchi iliyomfundisha kijana miaka mitatu inaweza kumwachia miezi sita ya kutafuta kazi kihalali, pasi yake ikiwa hai, na hilo haliwezi kumpotezea Mganda yeyote riziki yake. Nimelisema katika mikutano ya walimu, nimelisema kwa wabunge waliokuja kuomba kura Walukuba, na nitaendelea kulisema.